Kabichi Zinazolala Mchana

Jumatatu, 15 Septemba

Kabichi zangu zimelala tena saa sita mchana. Safu nzima, majani chini, hoi bin taabani. Jioni zikaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Uvivu mtupu! Nimezigombeza. Mke wangu, Mama Ye-rin, kasikia, akauliza nagombana na nani. Nikasema na mwenyekiti wa kijiji, kwenye simu. Akaniambia simu yangu iko jikoni.

Anasema huu ni ugonjwa, ning'oe moja tuitazame mizizi. Ning'oe! Jumamosi Bibi Tak na akina mama wenzake wanapita mashambani kuchagua kabichi za kimchi ya kijiji, achari ile ya kulisha kila nyumba mpaka theluji iyeyuke. Kila mwaka wanachagua za jirani yangu Pyo. Mwaka huu ni zangu, sitaki mjadala. Mke wangu naye kaapa: nikishindwa tena, shamba analichukua yeye, na siku ya kutengeneza kimchi nitakaa na mabibi kumenya vitunguu saumu. Mimi! Gu Bon-sik!

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kumchungulia Pyo. Jirani huyu kanizidi mwaka mmoja tu, na kwa huo mwaka mmoja nimemwita kaka tangu tukiwa tunatoka kamasi. Kabichi zake zimesimama wima, saa sita, juani. Zinaringa! Nimepita kila safu na mabuti yangu yenye tope nikitafuta kasoro. Sikupata. Nimeona chokaa tu, imemwagwa udongoni kama unga. Na penye njia ya kuingilia kaweka beseni la maji na burashi, eti mgeni aoshe viatu kwanza. Shamba hili au sebule? Sikuosha.

Akanikuta. Kwa upole wake ule wa kuudhi akauliza, mdogo wangu, kabichi zinaendeleaje, akasema anayo chokaa ya kunigawia. Nikamjibu chokaa ni ya kupaka kuta.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata! Kabichi zinalala mchana tu. Asubuhi zimesimama kama askari. Basi wakaguzi waje asubuhi! Nimempigia Bibi Tak, nikamwambia jua la mchana litamchosha na magoti yake yale, aanzie kwangu saa moja. Akanisifu, akasema hatimaye nimekua. Nina miaka sitini na miwili.

Pyo hajui ninachokijua. Masika nilichota udongo kwenye kile kipande chake cha bondeni, alikopanda maharage tu. Mtu mchoyo vile hapandi maharage hivi hivi. Anaficha udongo wake bora! Nikaumwaga wote kwenye kabichi zangu. Atajiju.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi. Nimeshinda! Wamekuja saa moja, Bibi Tak mbele, mwenyekiti nyuma, na Pyo kajileta mwenyewe. Kabichi wima, umande unang'aa. Bibi Tak kasema hajaona zilizosimama hivi. Nimechaguliwa! Mke wangu kanitazama kwa jicho la pembeni. Nawaandalia chapati za vitunguu na pombe ya mchele. Naandika haya huku zinakaangwa.

Jioni. Ningewaacha waende zao tu! Lakini walikuwa wanakula, na mimi nilikuwa naeleza ufundi wangu, na ufundi wangu ni mrefu. Saa tatu, saa nne, naeleza. Mwenyekiti alipochoka kunisikiliza akaenda kutangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji. Saa sita kasoro sauti yake ikajaa bonde zima: kabichi za Gu Bon-sik, imara kuliko zote! Hapo hapo zikalala. Safu hadi safu.

Bibi Tak akainuka na magoti yake, akang'oa moja. Mizizi ilikuwa imevimba, minene, imejipinda kama tangawizi. Akasema ni uvimbe wa mizizi, unakaa udongoni miaka na miaka, unasafiri na tope la viatu. Akina mama wote wakatazama viatu vyao.

Nikakasirika. Nikamnyooshea Pyo kidole, nikapiga kelele kwamba ugonjwa ni wake, umetoka bondeni kwake!

Pyo akasema ni kweli, kipande kile kiliugua, ndiyo maana anapanda maharage na haingii kule na buti anazovaa kwingine. Kisha akauliza, taratibu, udongo wake umefikaje huku.

Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Sioni cha kuchekesha.

Jumapili, 21 Septemba

Kijiji kizima kimekuja kunisaidia kung'oa. Aibu gani hii! Kila mmoja kaosha buti kwenye beseni la Pyo. Pyo mwenyewe kaleta chokaa, kisha kaenda kumwaga nyingine kwake, kila nilipokanyaga Jumanne. Nyayo zangu zote anazijua. Sikuomba radhi. Nani alimwambia apande maharage kwa siri?

Mama Ye-rin kashika shamba. Shamba langu la chini ni la maharage kwa miaka. Kabichi za mwakani atapanda yeye kwenye kipande cha juu nyuma ya nyumba, udongo safi, na Bibi Tak kamwahidi kuja kuziona. Mimi kazi yangu ni kuchoma mizizi yote. Kasema tena na tena: ichome, usitupe kwenye mboji.

Jumatano, 19 Novemba

Leo ni siku ya kimchi. Kabichi za Pyo, bila shaka. Nimemenya vitunguu saumu tangu alfajiri, macho yanatiririka, mabibi wananiita bi harusi. Pyo kanilisha kipande cha kwanza kwa mkono wake. Ni tamu. Sikumwambia.

Wacheke! Mizizi ile niliichoma, lakini ile myembamba tu. Ile minene nani angeichoma? Mzizi uliokula ukashiba vile una nguvu ndani yake! Niliizika kwenye mboji, na jana, Mama Ye-rin akiwa sokoni, nimetandaza mboji yote kwenye kile kipande chake cha juu. Beleshi kwa beleshi, mpaka pembeni. Mwakani Bibi Tak akizisifu kabichi zake, hapo ndipo nitasema ni nani alizilisha.