Dhamana ya Lyle Hendershot

Lyle Hendershot aliweka meza yake katikati ya jengo la maduka mjini Omaha, kati ya duka la viatu na muuza donati, kwa sababu moja tu: pale kila neno lilisikika.

"Jeni tunazo sote, bwana," alimwambia Mitch Vondra, fundi wa mapaa aliyekuja kofia imemfunika macho. "Ila lazima ziwake. Mbegu ikitoka kwenye korodani haijui kuogelea. Jeni za kwenye mirija ndizo zinazoiandaa. Zako zimelala fofofo."

"Punguza sauti, kaka!"

"Poda hii inaziamsha. Mwaka ukiisha bila mtoto, njoo hapahapa, useme kwa sauti, nakurudishia mara mbili."

Habari za jeni zilikuwa karibu na ukweli. Poda ilikuwa unga wa maziwa na mdalasini. Dhamana yenyewe aliiegemeza kwenye aibu ya wanaume, na hakuna aliyewahi kurudi.

Jioni moja mkewe, Corinne, aliweka uma chini.

"Lyle, mwaka mzima nimekuwa nikikutilia ile poda kwenye kahawa. Mpenzi, inafanya kazi! Nina mimba."

Lyle aliacha kutafuna. Miaka yote ya ndoa alikuwa akimfuta Corinne machozi kila mwezi, bila kumwambia kwamba kabla ya kumwoa alikwenda kukatwa mirija. Mbegu zake hazikulala. Hazikuwa na njia.

Corinne alimtazama, akangoja.

"Hongera, mpenzi," alisema Lyle.

"Huna la kuongeza?"

"Niongeze nini? Furaha imenizidi."

"Basi nipe zile pesa za poda unazoweka kabatini, nimtafutie mtoto nyumba."

Kukataa kungehitaji maelezo. Akazitoa.

Kesho yake mchana, maduka yamefurika, Corinne alisimama mbele ya meza na mfuko wa pesa. Nyuma yake, foleni ya wanawake. Wa kwanza mke wa Vondra.

"Mwaka umepita, sina mtoto!" alisema Corinne, kwa sauti kama dhamana ilivyotaka.

"Lakini jana ulisema una—"

"Jana nilikudanganya. Nilikupa mlo mzima useme ukweli, Lyle. Mama yako alishaniambia siku ya Sikukuu ya Shukrani. Ulikatwa mirija!"

Akafungua mfuko. "Haya, bibi Vondra, sogea. Mara mbili."

"Punguza sauti, mke wangu," alinong'ona Lyle.

Muuza donati alizima redio yake, asikie vizuri.