Profesa wa Upevu wa Nafsi

Shule Profesa aliiacha njiani, lakini mdomo Mungu alimjalia. Asubuhi hiyo alikuwa kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni, alipowasikia akina mama wawili wakilalamika kibarazani.

"Wangu kimo cha mlingoti, akili sijui kaiacha wapi!"

"Afadhali wako anaongea," akasema wa pili, fundi cherehani. "Binti yangu kaninunia mwaka mzima."

Profesa akageuka ghafla, nusura wembe uondoke na sikio. "Poleni, mama zangu. Siku hizi upevu wa nafsi unapimwa. Jumamosi waleteni vijana ukumbini niwapime."

Jumamosi ukumbi wa mtaa ukafurika wazazi. Mlangoni alikaa mshirika wake, Mhasibu, mwanamke wa tabasamu la asali, akipokea ada mkobani. Katika chumba cha ndani, Profesa, miwani puani, aliwahoji vijana mmoja mmoja kwa maswali aliyoyabuni akioga. Wote, maskini, akawakuta hawajapevuka. Dawa? Kipimo cha pili, ada ileile.

Ndipo akaingia binti wa fundi cherehani.

"Ukikasirika, hufanya nini?"

"Hunyamaza. Nikisema, mama hulia. Tangu baba aondoke, kila mtu anamwogopa mwenzake."

Profesa akasahau kuweka alama. Akauliza swali ambalo hakuwa amelipanga, "Na wewe unalilia wapi?"

"Bafuni. Nafungulia maji."

Mjanja wetu akapeleka kidole kufuta chozi, kidole kikapenya miwani moja kwa moja hadi jichoni.

"Kumbe haina vioo," binti akasema.

"Haina," akakiri, jicho likimwasha.

"Na mwenzako yule anapanda teksi na mkoba," binti akaongeza, akitazama nje.

Profesa akakimbilia dirishani. Teksi ikakata kona, tabasamu la asali likimpungia mkono. Ukumbini minong'ono ikageuka kelele. "Mhasibu yuko wapi? Huyo Profesa atoke!"

"Pita hapa hapa, mjomba," binti akamhimiza, akamsukuma mgongoni. Suruali ikanasa kwenye komeo, ikachanika, mtu akadondoka nje kama gunia.

Akiwa bado amechuchumaa chini ya dirisha, akamsikia fundi cherehani akiingia.

"Mwanangu, amesemaje?"

"Amesema tukaongee nyumbani, mama. Mimi na wewe."

Mama akapenga kamasi. "Basi hela yangu haikwenda bure."

Profesa karibu ainuke apokee shukrani. Lakini wazazi wengine walikuwa wameanza kuuzunguka ukumbi, na hao hawakuwa na shukrani. Akashika suruali kwa nyuma, akatimua mbio.