Mkaguzi wa Gari Jipya la Mkandarasi

Gari lilikuwa linapiga kelele, na mwenye gari alikuwa anajifanya halimhusu.

Hicho ndicho alichokiona Miwani asubuhi hiyo, akiwa ameegemea ukuta wa jengo la ofisi akisubiri riziki impitie. Miwani hakuwa na ugonjwa wowote wa macho. Alivaa vioo vitupu kwa sababu aligundua mapema kwamba watu humwamini upesi mtu anayeonekana amesoma mpaka macho yakachoka. Kazi yake wengine waliiita utapeli. Yeye aliiita mahusiano mema. Tatizo ni kwamba mji ulikuwa umeanza kumbana: kila mtaa ulikuwa na mtu wa kumkwepa, na kinyozi wake mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Alihitaji kazi moja nzito, kisha ahame akaanze upya kwa watu wasiomjua.

Na kazi nzito ndiyo ile pale, inawaka taa na kuzima kama macho ya mtu aliyepaliwa.

Lilikuwa gari la kupanda milima, kuvuka mito na kukanyaga majabali. Na kama mengi ya aina yake, lilikuwa halijakanyaga kitu kigumu kuliko tuta la barabarani. Jeusi, refu, pana, viti bado vimevaa nailoni za dukani. Kando yake alisimama mkandarasi mmoja mwenye tumbo la heshima, akibonyeza kila kitufe cha ule ufunguo wake huku jasho linamtiririka.

"Mzee, tukusaidie?" mlinzi wa maegesho aliuliza.

"Nisaidie nini? Najaribu king'ora!" mkandarasi alifoka. "Gari la bei hii lazima lijaribiwe!"

Mwizi wa kawaida angeona gari. Miwani aliona aibu, na aibu ya tajiri ni mlango usio na komeo. Akakwapua jalada lake (siku zote alikuwa na jalada, mwenye jalada hafukuzwi getini) akasogea.

"Shikamoo mzee. Hongera sana. Wewe ni wa saba."

"Marahaba. Wa saba wa nini?"

"Wa saba kati ya wamiliki niliowatembelea, na wa kwanza kukifanyia king'ora majaribio. Wale wengine hawajui hata kama kipo." Akanyoosha mkono, akauchukua ule ufunguo kwa upole wa daktari, akauelekeza hewani bila kujua abonyeze wapi. Kwa bahati king'ora kilikuwa kimechoka, kikanyamaza chenyewe. Miwani akakiinamishia kichwa, kama bosi anayemshukuru mfanyakazi. "Nimetumwa na kiwanda. Mkaguzi wa Maoni ya Wamiliki Wapya."

Mkandarasi akavuta pumzi, akavuta na tumbo. "Nilikuwa najiuliza mtakuja lini."

Kuna watu ukiwadanganya wanakusaidia kuubeba uongo.

*

Kesho yake saa nne asubuhi, Miwani alikuwa nyumbani kwa mkandarasi, kwenye kiti cha ua, jalada wazi mapajani. Gari liliegeshwa mbele yao kama mgeni rasmi. Mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi, na humo ndani alikaa bibi mmoja mwembamba, fimbo pembeni, akisoma kitabu kinene kupitia miwani ya kweli.

"Mama mkwe wangu," mkandarasi alieleza kwa sauti ya chini. "Kiti kile kinakanda kiuno. Tangu kiwanja chake kipitiwe na barabara anaishi nasi, na tangu gari lije anaishi humo."

Miwani akamwamkia bibi. Bibi akaitikia bila kuinua macho.

"Tuanze," Miwani alisema. "Umelimiliki kwa muda gani?"

"Siku kumi na moja."

"Umeliendesha katika mazingira gani?"

"Yote," mkandarasi alisema. "Magumu sana. Ofisini. Kwa kinyozi. Harusi mbili."

"Na gari liliyapokea vipi?"

"Kwa utulivu mkubwa. Mimi na gari hili tunaelewana kama pacha."

"Juzi lilimwambia amechoka apumzike," bibi alisema kutoka kwenye kiti. "Akaligombeza mpaka majirani wakatoka."

"Mama, jamani."

"Na hajawahi kulirudisha nyuma. Likishaingia uani, anaita watu walisukume."

Miwani akaandika kwa uso wa mazishi: *Mmiliki anahusisha jamii.* Mkandarasi alisoma kichinichini, akaridhika.

Kisha Miwani akafunga jalada polepole, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetaka kutoa siri ya serikali. "Mzee, hili nisingekwambia kama usingekuwa mtu wa aina yako. Kila mwaka kiwanda huchagua mmiliki mmoja awe balozi. Balozi hupewa gari la pili. Bure. Na la tatu mwaka unaofuata."

Mkandarasi akaupima ua wake kwa macho. Mtu mwenye gari asiloweza kulirudisha nyuma alikuwa tayari anawaza pa kuegesha la pili.

"Nifanye nini?"

"Wewe, hakuna. Umeshafanya. Limebaki gari tu, lipimwe kwenye njia mbaya, mchana mmoja, na mkaguzi peke yake. Mwenyewe asiwepo, maana mwenyewe huwa na mapenzi, na mapenzi huharibu vipimo. Jioni saa kumi na mbili liko hapa."

Ukweli ni kwamba kabla ya saa kumi na mbili gari lingekuwa kwenye karakana ya fundi mmoja aliyejua kubadilisha sura ya gari kuliko mtengeneza nywele anavyojua kubadilisha ya bibi harusi.

Mkandarasi alikubali haraka mno, kisha akasita, kama mtu aliyemeza kabla ya kutafuna. Akataka picha. Akamkumbatia Miwani begani, wakasimama mbele ya taa, wakapigwa moja, mbili, tatu. Miwani aliogopa picha kama paka anavyoogopa ndoo ya maji, lakini alijipa moyo: kesho angekuwa mbali, na miwani angeivua.

"Na mimi naenda," bibi alisema.

"Mama, huu ni ukaguzi."

"Kiuno changu hakijui ukaguzi. Daktari alisema nisikose hata siku moja."

Uso wa mkandarasi ukachangamka. Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinamkera: gari kuondoka bila mtu wa nyumbani. "Sawa kabisa! Mama akiwemo, hata mimi natulia."

Miwani akapiga hesabu za haraka. Bibi mmoja, duka moja la kando ya njia, "nishukie ukaninunulie maji." Akatabasamu. "Karibu sana, bibi. Utakuwa shahidi wangu."

"Nitakuwa," bibi alisema, akafunga mlango.

*

Lazima isemwe kwamba Miwani, aliyekuwa ameuza magari manne yasiyo yake, hakuwahi kuendesha lolote lililomheshimu. Hili lilimheshimu. Kiti kilimsogelea, kikamkumbatia mbavu. Usukani ulishuka wenyewe kumfuata mikono. Barabara yenye mashimo waliyopita ilihisiwa kama mtu anasimuliwa habari za mashimo. Kwa dakika chache alisahau kwamba yeye ni mwizi, akaanza kujiona mmiliki.

Walipofika kwenye maduka ya mwisho ya mji akakumbuka.

"Bibi, kiu haijakushika? Hapo wana maji baridi."

"Nimebeba chupa."

Wakaenda. Penye kituo cha mafuta akajaribu tena. "Safari ni ndefu. Pengine ungependa kujisaidia?"

"Nilikwenda kabla hatujatoka."

Kilomita tatu mbele akapunguza mwendo, akakunja uso. "Nasikia tairi la nyuma linalia. Sijui ungeshuka kidogo uniangalizie?"

"Bonyeza hapo kwenye kioo, pembeni ya saa. Eeh. Linakuonyesha upepo wa matairi yote manne. Yako sawa." Kurasa za kitabu zikageuka. "Mkaguzi, njia mbaya unayoitafuta iko kushoto. Machimbo ya zamani ya kokoto. Siku hizi hapana mtu."

Hapana mtu! Miwani nusura amgeukie ambusu. Akakata kushoto.

Machimbo yalikuwa bonde pana lenye kuta za mawe, na mvua ya juzi ilikuwa imegeuza sakafu yake uji. Miwani akaingia kwa mbwembwe, kama mkaguzi. Hatua thelathini tu, gari likaanza kuteleza ubavu. Akakanyaga mafuta. Likazama. Akakanyaga zaidi. Likazama zaidi, tope likaruka mpaka juu ya paa, na mlio mmoja wa kistaarabu humo ndani ukaanza kumsihi aache.

"Hujachagua tope," bibi alisema.

"Kuchagua tope?"

"Kuna kidude cha kuzungusha. Mchanga, tope, mawe, theluji. Umeacha kwenye lami."

"Najua, bibi. Nimeacha makusudi. Tunapima kiburi cha injini."

"Basi kimepimika. Shuka uweke mawe chini ya tairi la nyuma."

Alishuka. Angefanya nini? Suti ilikuwa moja na viatu vilikuwa jozi moja, kwa hiyo aliviacha viatu ndani pamoja na koti, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia topeni huku akilaani kimoyomoyo. Alibeba jiwe la kwanza. Alibeba la pili. Alipoinama kuliweka la tatu, akasikia kufuli za milango minne zikijifunga kwa pamoja.

Akainua kichwa. Bibi alikuwa kwenye usukani. Alikuwa amelaza fimbo kwenye kiti cha pili na kuifunga mkanda, sijui kwa nini. Akazungusha kile kidude kwa vidole viwili. Gari likajiinua taratibu, kama ngamia anayeamka, likatulia, kisha likatoka topeni bila kelele, bila haraka, hata tone moja halikumrukia Miwani. Likasimama penye mwamba mkavu. Kioo kikashuka upana wa kiganja.

"Bibi!" Miwani alikimbia, akateleza, akaanguka, akainuka. "Bibi, umefanya vizuri sana! Sasa nifungulie."

"Wewe si mkaguzi."

"Mimi..."

"Asubuhi ulipoingia uani tu nilijua. Uliliangalia gari kama mtu anayepima ng'ombe wa kuchinja. Usijitetee, sina hasira na wewe. Nilikuwa nakuombea uje." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaagiza chumvi. "Wiki iliyopita nilikuwa natafuta hiki kitabu cha maelezo ya gari kwenye kisanduku cha mbele. Nikakuta na karatasi. Ya mauzo ya kiwanja changu. Hakuna barabara iliyopita pale, mwanangu. Mkwe wangu alikiuza, akanunua hili, akaniweka kiti cha nyuma nishukuru."

Miwani, aliyekuwa amedanganya wajane, mapadri na klabu nzima ya wastaafu, akajikuta amechukia. "Mwenye kiwanja ni wewe! Kwa nini usimshtaki?"

"Nimshtaki baba wa wajukuu zangu? Binti yangu atalala wapi?" Akatikisa kichwa. "Mdogo wangu nimemtumia ujumbe asubuhi, ananingoja upande wa pili wa machimbo na mnunuzi wa gari. Kile kidude cha kulifuatilia kwa simu nimekizima jana, niliposikia mkaguzi anakuja; kitabu kinaeleza vizuri. Kila kitu nilikuwa nacho. Nilikosa mwizi tu."

Upepo ulipita bondeni. Miwani akaielewa hali yake yote kwa mara moja, kama mtu anayesoma bango akiwa anaanguka kutoka juu yake.

"Bibi, mimi sijaiba kitu!"

"Leo hujaiba. Lakini picha tatu mmepiga, na jina ulilompa si lako, na kiwanda hakikujui. Saa kumi na mbili nitafika nyumbani kwa miguu, nguo zimechafuka, nalia. Nitasema ulinitupa njiani."

"Utalia kweli?"

"Nimefanya mazoezi." Akatazama saa ya gari. "Sasa ni saa nane. Una saa nne, na ni nyingi kwa mtu mwenye mdomo kama wako. Polisi nitawaambia ulikuwa mfupi, mweusi tii, unachechemea. Mkwe wangu na picha zake watanibishia, lakini nitajitahidi."

Kioo kikashuka kidogo zaidi. Viatu vikatoka, kimoja kimoja, kisha koti lililokunjwa vizuri. Bibi hakuwa mwizi wa vitu vya watu.

"Na kiti?" Miwani aliuliza. Hakujua kwa nini anauliza. "Kiuno chako?"

Kwa mara ya kwanza bibi akacheka. "Nitajenga vyumba viwili, niweke kitanda kigumu. Hiki kiti kizuri, lakini unakaa umekandwa mpaka unasahau kinachokuuma."

Gari likageuka, likapanda ukingo wa mawe ambao Miwani asingethubutu kuupanda hata kwa miguu, likatokomea upande wa pili.

Alitembea karibu saa nzima kabla ya lori la mchanga kusimama. Dereva, mtu mzima mwenye masharubu, alimwangalia kuanzia tope la nywele mpaka tope la vidole, akamsogezea nafasi.

"Ndugu yangu, umepatwa na nini?"

Miwani alifungua mdomo atunge. Ajali, ndugu mgonjwa, majambazi, vyote vilikuwepo siku zote, tayari kwenye ncha ya ulimi. Siku hiyo havikuja. Alikuwa amechoka, na jambo lile lilikuwa limemkaa kifuani kama mfupa. Akasimulia kweli: jalada, mkandarasi, kiwanja, kidude cha tope, bibi. Hakuacha kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, na alishangaa jinsi ilivyomtoka kwa urahisi.

Dereva alicheka mpaka akalazimika kupunguza mwendo.

"We kaka una kipaji," alisema akijifuta machozi. "Lakini nikupe ushauri wa bure. Ungesema majambazi watatu, ningekuamini. Bibi wa miaka sabini, na gari la namna hiyo? Uongo mwingine haushikiki."

Wakafika njia panda. Kulia ni mjini. Miwani akaomba ashushwe, akashukuru, akavua ile miwani na kuitia mfukoni, akashika njia ya kushoto.