Mashuka ya Sandukuni Mdomoni mwa Handaki

"Hebu liangalie shuka langu! Liangalie vizuri, Clelia, usijifanye kipofu! Asubuhi nimelianika jeupe kama maziwa, sasa ona, utadhani nimepangusia bomba la jiko!"

"Na mimi nahusikaje hapo?" Bi Clelia Bozzano alijibu kutoka dirisha la upande wa pili wa kichochoro, mikono kiunoni.

"Zulia lako! Unakung'uta zulia juu ya nguo za wenzio kana kwamba huku chini ni jalala!"

"Zulia langu sijalikung'uta tangu Pasaka, mama. Mimi sina wazimu wa usafi kama wewe."

"Hilo hata pua zetu zinalijua!"

Ndani ya nyumba ya Bi Iolanda Traverso mumewe, mzee Bertino, alianza kukohoa, kikohozi kile kirefu cha kukwangua, na wanawake wote wawili wakanyamaza mpaka kikaisha. Kisha wakaendelea, ila kwa sauti ya chini kidogo, kwa heshima ya mgonjwa.

Mkosaji halisi alikuwa chini ya madirisha yao, mdomo wazi. Handaki lile linameza magari upande wa stesheni na kuyatapika upande wetu, na moshi wake hauna pa kwenda ila vyumbani mwa watu. Genova ni vilima vitupu. Tumevitoboa kama panya watoboavyo jibini, kisha tunashangaa tunakohoa.

Nevio Casaretto alikuwa amesimama pale chini akila kipande cha mkate wa dengu, huku mafuta yakimtiririka kiganjani. Alikuwa mtanashati: viatu vyake mwenyewe, vingine vyote vya binamu yake Amilcare, kinyozi. Kwa Amilcare ndiko alikokuwa akilala pia, kwenye kiti cha kunyolea, kiti kinacholala chali vizuri lakini hakimruhusu mtu kugeuka ubavu. Na hata hicho kilikuwa kinamponyoka. Amilcare alikuwa amekwisha kuuza duka, mwenye duka mpya alikuwa anaingia Jumamosi, na baada ya hapo Nevio angekuwa na barabara nzima ya kugeukia ubavu autakao.

Basi wenzake waliona masizi. Yeye akaona utarizi. Herufi kubwa, I na T, zimezungukwa na mizabibu ya uzi mweupe. Shuka la sandukuni hilo, la kitani, linaloanikwa mara moja kwa mwaka lisipate ukungu. Na mchuuzi mmoja wa vitu vya kale kutoka Torino, Bwana Fenoglio, alikuwa amemnong'oneza kwamba matajiri wanayagombania mashuka ya namna hiyo. Shehena moja nzuri ingetosha kumpatia Nevio chumba cha kwake kule Nervi, chenye dirisha la kutazama bahari.

Sisi watu wa Genova tuna ugonjwa huo. Mama anatarizi ujana wake wote, binti anafungia sandukuni uzee wake wote, na katikati hapo tunalala juu ya mashuka ya dukani yaliyotoboka ili mazuri yasichakae. Tunamwekea nani, usituulize. Mkono wetu wa birika unatubana hata sisi wenyewe.

Mwezi ule manispaa ilikuwa ikijaribu mitambo ya kusafisha hewa humo handakini. Yalikuwa masanduku mawili ya chuma yanayonguruma, na vijana wa vizibao vya njano walikuwa wakiyachungulia na kutikisa vichwa. Kizibao cha njano kimo katika kila gari la Italia. Nevio alichomoa kimoja kwenye kibajaji cha mizigo cha Amilcare, akakivaa, akarudi chini ya madirisha akiwa mtu mwingine.

"Mabibi zangu, mnagombana bure. Zulia halina kosa."

"Na wewe nani?" Bi Iolanda aliuliza.

"Mhandisi Casaretto, wa majaribio ya hewa. Masikitiko yangu ni kuona shuka la kifalme namna ile likiteseka."

Bi Iolanda akalivuta shuka kifuani. Kilemba cha ukoka kilikuwa kimemkaa sawasawa.

"Mitambo ile imeshindwa," Nevio aliendelea, akishusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. "Machujio yake ni ya karatasi! Masizi hayashikwi na karatasi. Yanashikwa na kitu kimoja tu: kitani cha kale kilichofumwa kwa mkono, kikalowekwa maji. Jumba litakalotoa mashuka ya majaribio ndilo litakalofungiwa mtambo wa kwanza mjini."

"Kwa nini cha kale?" Bi Clelia aliuliza kutoka ng'ambo.

"Nyuzi za kale, bibie, zina subira."

Hapo Nevio mwenyewe alishangaa. Nyuzi zina subira! Ulimi wake ulikuwa na tabia hiyo ya kutangulia mbele, yeye akifuata nyuma kama mjane afuatavyo jeneza.

"Mimi ninayo kumi na mawili," alisema Bi Iolanda polepole.

"Kumi na mawili mepesi," alidakia Bi Clelia. "Yangu ukiyakunja yanasimama yenyewe."

"Yanasimama kwa wanga! Na yametariziwa na watawa wa kukodi!"

"Bora watawa kuliko shangazi yako aliyekuwa na makengeza!"

Nevio hakuhitaji kusema zaidi. Kufikia jioni, akina mama wa ngazi zote tatu za jumba, pande zote mbili za kichochoro, walikuwa wameahidi masanduku yao, kila mmoja akiapa ya mwenzake ni matambara. Yangekusanywa kwa Bi Iolanda Ijumaa mchana, naye mhandisi angekuja kuyachukua kwa ajili ya maabara.

Ila Bi Iolanda alikuwa mtoto wa mjini pia. "Kwanza tuone kwa macho," alisema. "Shuka langu moja limekwisha kuharibika. Jaribu nalo."

Basi kesho yake Nevio akaokoteza feni kubwa la sinema iliyofungwa, mpira wa maji na karai. Akalitundika shuka pembeni mwa mdomo wa handaki, akalilowesha, akawasha feni livute moshi. Nia yake ilikuwa kupiga porojo mpaka watu wachoke waende zao. Lakini mchana haujaisha, shuka lilikuwa jeusi kama kofia ya padri, na mama mmoja aliyesimama nyuma yake akavuta pumzi akasema, jamani, huku ni kama milimani.

Nevio alilipapasa pindo, kidole kikatoka cheusi. Maishani mwake alikuwa ameuza vitu vingi visivyofanya kazi. Hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi, na jambo hilo lilimkera kidogo. Akaenda zake, feni na mpira akaviacha palepale.

Ijumaa alikuja na kibajaji cha mizigo, akipiga mluzi njia nzima, Bwana Fenoglio amejibana pembeni yake na kofia mapajani. Walipokata kona ya mwisho mluzi ukamfia mdomoni.

Mdomo wa handaki ulikuwa umevikwa kama bibi arusi. Kamba za kuanikia zilikuwa zimevutwa kutoka dirisha hadi dirisha, na juu yake yalining'inia mashuka yote, ya ngazi tatu zote: mizabibu, njiwa, herufi za marehemu, pindo za lesi pana kama kiganja. Mpira wa maji ulikuwa ukirusha mvua, feni likivuma. Na kutoka chini kwenda juu, taratibu, weupe wa kizazi kizima ulikuwa ukigeuka lami.

Bwana Fenoglio alishuka. Akashika pindo moja kwa vidole viwili, akaliachia, akajipangusa.

"Yanafulika," Nevio alisema upesi. "Sabuni, jua kidogo..."

"Masizi ya dizeli kwenye kitani kilicholowa?" Fenoglio alivaa kofia yake kama mtu aliyemaliza kuzika. "Bwana Casaretto, haya yatakuwa ya kijivu mpaka kiyama." Akashika njia ya stesheni kwa miguu.

"Mhandisi!" Bi Iolanda alikuwa akishuka ngazi, mikono imelowa mpaka viwiko. "Umechelewa, tumeanza bila wewe."

"Mlitakiwa kuyakusanya tu! Kukusanya! Mabibi, yale yalikuwa mali!"

"Mali ya nani?"

Swali lile lilikuwa na makali. Bi Iolanda akamsogelea, akamwambia kwa upole wa kutisha:

"Nilikwenda manispaa. Casaretto wanaye mmoja, wa idara ya maji machafu, na ni mwanamke mwenye mimba."

Nevio akatazama kibajaji; Bi Clelia alikuwa amekikalia, amejikunjia mikono.

"Mlijua," Nevio alisema. "Mlijua, na bado mkayaweka haya yote kwenye moshi?"

"Wewe ni mwongo, mwanangu, lakini shuka halikudanganya," Bi Iolanda alijibu. "Jana tulijaribu la dukani. Likakauka mara moja, halikushika kitu. Tukaweka kitani, kikashika. Kumbe uongo wako ulikuwa kweli, ila wewe hukuwa na habari."

"Mama yangu alinipa mashuka haya nilale juu yake," Bi Clelia alisema kutoka juu ya kibajaji. "Sikulala hata usiku mmoja. Nayaogopa mpaka leo. Sasa angalau yanafanya kazi."

Dirisha la chumba cha Bertino, lililokuwa limepigwa misumari miaka nenda miaka rudi, lilikuwa wazi. Mzee mwenyewe alikuwa amejiegemeza hapo, akivuta hewa kwa nguvu zake zote na kuitumia yote kulalamika: "Zimeni hilo feni! Sisikii mpira redioni!"

Hakukohoa. Bi Iolanda alimtazama mumewe mpaka akajisahau, kisha akageuka upesi, akajifanya anakamua pindo la gauni.

"Kesho yafuliwe, yatundikwe tena," alisema. "Kila siku hivyo hivyo, mpaka hao wa vizibao wapate akili. Sisi tumezeeka. Feni wewe ndiye unayelijua."

"Mimi? Kazi? Mimi, bibi?"

"Chini kuna chumba cha bawabu. Kitupu."

Nevio aliwaza juu ya kesho Jumamosi. Akaifikiria barabara, na mbavu zake mbili.

"Kina dirisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kinalo. Linatazama handaki."

Akacheka, hakujizuia, alikuwa ameingia mkenge aliouchimba kwa ulimi wake mwenyewe, na ndani ya mkenge wakamwekea kitanda.

"Tangu asubuhi umekula?" Bi Iolanda aliuliza.

"Sijala."

"Basi panda. Supu ya maharage iko tayari, nimetia na rihani iliyotwangwa."

"Supu yake haina chumvi!" Bi Clelia aliruka kutoka kwenye kibajaji. "Kwangu kuna dagaa waliojazwa. Njoo kwangu!"

"Nani amekuuliza wewe? Ingia, mwanangu, ingia upesi ule, kabla huyu hajakuiba!"