Tangi au Kamera ya Mzee Ndegwa

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeona kitu! Mzee Ndegwa, aliyekuwa na studio ya picha Nakuru kabla simu hazijamfukuza mjini, anauza kamera yake. Ndogo, nzito kama jiwe la kusagia, na mdomo wake unaingia ndani kama kobe aliyeona watoto. Inakula filamu nene. Picha kumi na mbili, kwisha. Nikauliza bei. Nikakaa chini bila kukaribishwa. Ni bei ya tangi kubwa la maji pamoja na gata zake za kukinga maji ya paa!

Sasa ona mambo ya Mungu. Chama chetu cha akina mama hapa Kariandusi humnunulia kila mmoja tangi zamu yake ikifika. Mimi ndiye wa mwisho, Jumamosi ya wiki ijayo. Na tangi nalihitaji. Goti limechoka kubeba maji, tena hayo ya kisima yametufanya meno rangi ya chai, hata kwa picha tunacheka mdomo umefungwa. Lakini tangi linaleta maji tu. Kamera inaleta harusi, mahari, matanga, na kote huko kuna nyama!

Nimempigia mjukuu wangu Natalie, anayesoma chuo mjini. Amesema vijana wa siku hizi wanapenda picha za filamu kuliko chapati. Halafu akasema, Cucu, chukua tangi. Hapo mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kwa Rahab, jirani yangu, ambaye kwa bahati mbaya ndiye mwenyekiti. Tangi lake aliliweka karibu na ua makusudi, nilione nikiosha vyombo. Nikamwambia zamu yangu nataka kamera. Akacheka mpaka akashika mlango. Eti, Mama Maina, hiyo kamera utaichota na kikombe ama na sufuria? Nikamjibu kwamba kwa kitambulisho chake anafanana na mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa wenyewe. Akaachia mlango, akajipapasa uso. Nikajua nimemshika.

Tumekubaliana: niwapige picha chama chote, zije siku ya zamu, waamue. Zikiwa mbaya, ni tangi. Na niache kutangaza habari za kitambulisho.

Ndegwa ameniazima kamera. Alieleza mengi, mimi nikiitikia tu, kisha akanipa kijitabu cha maagizo. Mimi darasa sikuliona, herufi nilizitoa kwa kitabu cha nyimbo za kanisa, na hicho chake hakina hata pambio moja. Nimekiweka chini ya mguu wa meza. Halafu nimeishonea kamera kitambaa cha kroshia, cheupe, kama cha redio na cha makochi. Kitu cha bei hiyo hakiwezi kutembea uchi kwa hili vumbi la mgodi wa hapa karibu!

Jumapili, 16 Machi

Nimewapiga baada ya ibada. Kazi! Immaculate, mweka hazina, kila nikimpiga anakuja mbio kutafuta uso wake nyuma ya kamera. Nikamwambia uko ndani, auache upumzike. Akataka nifute, eti alifumba macho. Haifuti! Hii kamera ni kama mimi, ikishasema imesema. Rahab alibadilisha kilemba mara tatu. Mimi nachungulia kwa kidirisha cha juu naona watu wazi kabisa, mpaka ndevu za Immaculate. Na kitambaa changu hakijashika vumbi hata kidogo.

Ndegwa ametuma filamu Nairobi ikaoshwe.

Jumamosi, 22 Machi

Aibu! Asubuhi Ndegwa ameleta bahasha, uso kama ameleta msiba. Picha zote ukungu! Akauliza kama nilikuwa natoa kile kitambaa nikipiga. Nikamuuliza nitoe kwa nini, na ninaona? Akaketi. Akaeleza kwamba kidirisha ni cha jicho langu, kioo cha mbele ndicho jicho la kamera, na hicho nilikuwa nimekivalisha nguo. Angesema mapema! Anasema alisema.

Akina mama tayari walikuwa mlangoni na nyimbo. Nikagawa picha, nikasimama karibu na mlango wa nyuma. Mara Rahab akapiga kelele. Mikunjo yake haipo! Siku ile alijisahau akacheka, na meno ni meupe pe! Immaculate hana ndevu! Rahab akatangaza kwamba hiyo ndiyo ya kuwekwa mbele ya kitabu chake cha mazishi, na ole wake atakayebadilisha. Kamera inunuliwe, sasa hivi! Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

Natalie, aliyetoka mjini kwa ajili ya zamu yangu, alikuwa pale anakula mandazi. Damu yangu mwenyewe! Akatazama picha, akapaka kioo cha kamera ya simu yake kidole chenye mafuta, akampiga Rahab. Mikunjo hakuna. Meno meupe. Wote wakapanga foleni kwa Natalie.

Nimenunuliwa tangi.

Jumanne, 25 Machi

Tangi limefungwa, na gata zake. Jeusi, linang'aa. Rahab amekuja akalipigapiga kama ng'ombe mnono, akanikumbatia, akasema goti lako sasa lipumzike, dada yangu, tumengoja sana. Nikalia kidogo. Ni mkorofi, lakini ni mkorofi wangu. Nimempikia chai ya maziwa matupu.

Ndegwa alipitia kamera yake. Nikamwambia mawingu ni mazito, aiache isije ikalowa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua! Imenyesha yote, imekwisha, na tangi limejaa hadi likamwagika. Nimelisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimesimama kando yake, nyumbani kwa Ndegwa.

Tulielewana jana. Yeye kapata tangi, gata na jogoo wangu. Mimi nimepata kamera. Nilimwonea huruma, anapunjika hivyo na umri ule. Leo nilikuwa kwake nikijifunza kuishika, sikutega hata beseni. Filamu hakunipa. Anasema haikuwa kwa mapatano.

Jioni nimeenda kwa Rahab, mtungi mkononi, kamera shingoni. Ametazama mtungi. Ametazama pale tangi langu lilipokuwa. Akavuta pumzi ndefu ya kunimaliza. Kabla hajafungua mdomo nikainua kamera, nikamwambia atulie hivyohivyo, mwanga umekubali! Akanyoosha kilemba. Nimempiga picha nne. Filamu haimo. Mtungi umejaa maji ya tangi lake.

Biashara imeanza vizuri.