Koti la Mkaguzi wa Vyoo

Jumatatu, 5 Machi 1956
Habari kubwa! Jana baada ya ibada, Stephen, dresa anayetibu watu pale dispensari, alitangaza kila mzazi apeleke kinyesi cha watoto wake ndani ya kiberiti, kipimwe minyoo. Baba ambaye watoto wake watakuwa safi atafanywa mkaguzi wa vyoo hapa Voi. Na koti la khaki! Mifuko minne! Vifungo vya shaba! Nimejipima mabega kwa kamba. Yanatosha.

Mpinzani ni mmoja, jirani yangu Mulei. Amechimba choo cha futi kumi na tano, na watoto wake wanakitumia. Hana haya. Changu ni safi zaidi: mabati, mlango wa mbao, kufuli. Ndani nimeweka mahindi. Shimo sikuchimba. Wakaguzi hutazama mlango.

Jumanne, 6 Machi
Tatizo ni watoto. Tumbo la Dinah, kitinda mimba wetu, limefura kama ngoma, na jana alikuwa anakula udongo wa ukutani. Kiberiti chake kitanimaliza. Mke wangu Wakio anasema kikionyesha minyoo ndiyo vizuri, mtoto atapewa dawa. Haoni mbali. Nikamwambia kwanza koti, kisha dawa. Mkaguzi akiomba dawa hanyimwi. Akaniuliza kama minyoo nayo imeambiwa isubiri.

Jumatano, 7 Machi
Nimepata njia! Minyoo ni ya watoto, mtu mzima hana, kila mtu anajua. Viberiti vya watoto alivyovijaza Wakio nimevitupa. Vitatu vipya nimevijaza mwenyewe, alfajiri. Nikaandika majina: Dinah, Mwandawiro, Tryphena. Mwandiko safi kabisa. Nimevipeleka kwa mikono miwili. Dresa alinisifu: baba anayejali.

Ijumaa, 9 Machi
Msiba. Dresa ametuita, mimi na Wakio, Mulei naye. Watoto wa Mulei ni safi. Kwa vyangu, alisema hata darubini haikuhitajika. Viberiti vyote vitatu vina tegu, vipande bapa, vyeupe kama utepe. Tegu hutoka kwenye nyama ya ng'ombe isiyoiva. Watoto wamekula nyama wapi?

Nikatazama dari. Dari nzuri. Wakio akasema polepole kwamba nyumbani nyama ilionekana mara ya mwisho Krismasi, kwa kuwa Baba Dinah anasema ng'ombe wote wa Voi ni wagonjwa. Mulei, mtu mbaya, akadakia: "Lakini Danson, si kila Jumamosi nakuona kwa Kilonzo mchoma nyama pale stesheni, ukimwambia aitoe motoni ingali na damu?"

Wakio hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akafungua pindo la leso, akatoa viberiti vitatu vingine, vya watoto wenyewe. "Nakujua," alisema. Basi.

Jumamosi, 10 Machi
Dinah alipewa dawa jana. Ametoa minyoo kumi na mmoja na sasa anadai uji wa pili. Nimefurahi, sisemi uongo.

Mimi nimepewa dawa ya tegu, kisha chumvi ya haluli. Dresa alionya nisiende mbali na choo. Nilikuwa hatua tatu tu! Nikafungua kufuli. Mahindi! Ndipo nikakumbuka kwamba sina shimo.

Nilikimbilia kwa Mulei. Alikuwa mlangoni, amevaa koti, anasugua vifungo. Alinipisha, mbio zangu zilijieleza. Nilipotoka akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, imekuwaje mwenye choo cha mabati aje kwa maskini. Akaja kukagua. Akayaona mahindi. Amenipa siku saba nichimbe.

Jumatatu, 12 Machi
Futi kumi na tano ni wazimu. Nimetoa mahindi, nimeweka sakafu ya mbao, nimekata tundu la duara. Chini yake nimepaka masizi ya sufuria. Ukichungulia, giza tupu. Nani atapima kina cha giza? Koti litanijia lenyewe.

Na Kilonzo nitamwambia aiache motoni kidogo zaidi. Kidogo tu.

Wakio amechungulia tundu, akauliza tukibanwa na haja tutakwenda wapi. Maswali mengine bwana! Nikamjibu: kwa Mulei. Si ana choo?