Kompyuta Zisizoharibika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe, Wilibrodi, Mwenyekiti wa Kamati Shirikishi ya Uratibu wa Kompyuta; ndugu Mkuu wa Chuo, Mwalimu Polikarp; mapadre wetu; wazee wangu, shikamooni; wafugaji wetu mkiongozwa na Mzee Shigela, aliyetutolea dume la leo; wakwe zangu wa Laela; wanachuo, walimu wa kesho; na wengine wote kwa vyeo vyenu, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Katika zama hizi za utandawazi na soko huria, Kamati yangu ilikaa, ikatafakari, ikaunda kamati ndogo, nayo ikaenda semina elekezi Mbeya, ikala, ikalala, ikarudi na mkakati endelevu wa kumwezesha kila mwanachuo wa Ufipa kuikabili kompyuta bila woga. (Vigelegele.) Leo hii asilimia tisini na tisa wanajua kuvua viatu mlangoni mwa maabara ili vumbi lisiingie kwenye mitambo. Mwaka wa pili huu wanavua, na baridi yetu mnaijua, lakini hajalalamika mtu. (Sauti: "Tunakohoa, Mheshimiwa!" Kicheko.) Kukohoa ni changamoto, mwanangu, na changamoto ni fursa.

Wenzetu wa mikoa mingine kompyuta zao zinaingia virusi, zinaibwa, zinaungua umeme ukirudi kwa kishindo. Hapa kwetu, nasema kifua mbele, haijaharibika hata moja! (Makofi mazito.) Kibodi tumezichora kwenye karatasi za manila, herufi zote zipo, na umeme ukikatika vijana wanaendelea kubonyeza kama kawaida. Nani kama sisi? (Wanachuo, kwa uchovu: "Hakuna!")

Namwona binti kanyoosha mkono. Sema, mama. (Mwanachuo Silvana: "Shikamoo, Mheshimiwa. Jumatatu tuna mtihani wa vitendo, na msimamizi anatoka Dar. Tukifeli hatupati vyeti. Mama yangu kanisomesha kwa kuuza ulezi. Sasa hiyo Jumatatu nitawasha nini?" Mwalimu Polikarp anaangalia chini.)

Marahaba. Swali zuri sana, la kitaalamu, nimelipokea. Usiogope, mwanangu. Wewe ingia, kaa wima, jiamini. Mengine yako kwenye mchakato. (Miguno.)

Jamani, nisiwachoshe, nasikia supu imeiva. Kompyuta hoyee! (Hoyee!) Ujinga zii! (Zii!) Bonyeza, Rukwa ipae!

Kwa namna ya pekee nawashukuru wafadhili wetu wa ng'ambo, walio tayari kabisa kutupatia kompyuta ishirini. Sharti lao ni moja tu, tuziombe kwa barua pepe. Nami naahidi mbele yenu: siku kompyuta hizo zitakapofika, barua pepe ya kuziomba tutaituma siku hiyohiyo, na atakayeibonyeza ni Silvana, cheti awe nacho asiwe nacho. Asanteni sana.